Barua Ambazo Hakuna Aliyezisoma

Siku hizi watu wakimtaja Jerusa wanashusha sauti, kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Mimi sishushi. Nimefanya kazi naye kwenye zahanati ya shamba tangu siku alipoletwa pale, mimi dirisha la dawa, yeye meza ya mapokezi, na katikati yetu ukuta wa mbao mwembamba hivi kwamba akikohoa nilikuwa namwambia pole. Jina la shamba sitalitaja. Wanaolijua wanalijua, na wenye shamba wana mawakili.

Jerusa ni binti ya Oyugi, yule mzee aliyechochea kuni kwenye boila ya kiwanda mpaka mapafu yake yakakataa. Oyugi alitoka Karachuonyo, kule kwa Wajaluo kando ya ziwa, akiwa kijana, akisema anakuja kwa mwaka mmoja, na akazeekea hapa. Jerusa alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari karibu na bomba la maji. Baba alipokufa alibaki hapo na mama yake, Elmina. Nyumba ya shamba inaenda na kazi. Ukiwa na kazi una mlango, ukifukuzwa unapewa muda mfupi wa kufunga vitu vyako na mlango unapata mwenyewe mwingine. Kila mtu wa laini amelelewa na hofu hiyo, na Jerusa aliinyonya pamoja na maziwa.

Alipomaliza kidato cha nne alishuka shambani kuchuma chai. Aliyemfunga aproni ya plastiki siku ya kwanza na kumwonyesha jinsi ya kuvunja majani mawili na chipukizi bila kuumiza kichaka alikuwa Rebeccah Chepchirchir, mama wa Kikipsigis mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Wasichana wengine walimcheka Jerusa kwa uzito wa mikono yake. Chepchirchir hakucheka. Akijaza kapu lake mapema alikuwa akivuka mstari na kuchuma kidogo kwenye la Jerusa, huku akiangalia pembeni kama mtu anayejikuna tu. Baadaye Jerusa akasoma kompyuta Bomet mjini siku za Jumamosi, na alipopata kiti cha mapokezi Elmina alichinja kuku wawili. Chepchirchir alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, akakaa karibu na mlango, akasema, "Sasa tuko na mtu wetu huko ndani." Nilikuwepo, nilimsikia.

Mkubwa wa ofisi yetu alikuwa Jonah. Jonah si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana mtu mbaya angenirahisishia hasira. Alikuwa karani wa mizani miaka mingi kabla ya kuletwa zahanati, na akili yake haikuwahi kutoka kwenye kile kibanda cha mizani. Pale kuna sheria moja ambayo kila mchumaji anaijua. Gunia likishapimwa, karani anafunga uzi wa buluu mdomoni, na kuanzia hapo hakuna anayeingiza mkono ndani, hata aliyelichuma. Ukiingiza mkono kwenye gunia lenye uzi wewe ni mwizi wa majani, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa unatafuta nini. Watu wamefukuzwa kwa hilo na kuondoka na godoro kichwani. Kwa magunia ni sheria nzuri.

Zahanati ilikuwa na sanduku moja la barua pepe, jina moja na nywila moja, na watumiaji wawili, Jerusa na Jonah, kila mtu na kompyuta yake. Mwanzoni walijaribu kufanya kama ofisi nyingine. Jerusa akisoma barua inayomhusu Jonah, anaibandika ile nyota ndogo ya manjano ya pembeni, ili Jonah akifungua aione mara moja. Jonah hakuwahi kuona nyota hata moja. Kwenye skrini ya Jerusa nyota ilikuwepo, kwa Jonah hakuna kitu, na Jerusa akizima kompyuta na kuiwasha tena, hata kwake imeondoka. Kadhalika mshale wa kujibiwa. Jerusa anajibu barua ya watu wa vifaa, anaona mshale, anaridhika; Jonah anafungua hiyo hiyo, haoni mshale, naye anajibu. Ndivyo tulivyoletewa glavu za mwaka mzima mara mbili, nikazisukuma chini ya kitanda cha kujifungulia kwa kukosa pa kuziweka.

Jonah alisema Jerusa ni mzembe. Jerusa, ambaye wakati huo bado alikuwa na mdomo, alisema nyota ameweka na kama mtu haoni aende kwa daktari wa macho. Walinuniana wiki nzima huku mimi nikipitisha maneno yao dirishani. Alama moja tu ndiyo iliyoonekana kwao wote wawili na haikupotea: barua isiyosomwa ilikuwa na maandishi mazito meusi, na ikishasomwa maandishi yanakuwa membamba. Basi Jonah akafikiria, akarudi alikozoea.

"Kuanzia leo," akasema, "barua ikisomwa, imepimwa. Mwenye kuifungua ndiye mwenyewe. Aiprinti, aimalize, aiweke kwa faili. Huyo mwingine asiguse."

Akaziweka kompyuta zote mbili zionyeshe zile nyeusi tu. Zilizosomwa zikaondoka machoni, kama vile gunia lililopimwa linavyoondolewa mbele ya mizani ili lisichanganywe na mengine. Nitakuwa mwongo nikisema mpango ule haukufanya kazi. Ulifanya kazi vizuri sana. Glavu zilikuja mara moja, Jonah na Jerusa wakaanza kunywa chai pamoja tena.

Mara moja tu Jerusa alivunja sheria. Alikuwa anatafuta barua ya chanjo aliyodhani ameifungua kwa bahati mbaya, akaingia kwenye zilizosomwa, na macho yake yakaangukia barua ya Jonah yenye majina ya watu wa kupunguzwa kazini. Jerusa hakumwambia mtu, hilo naweza kuapa. Lakini maneno yalitoka, labda kwa dereva, labda kwa mke wa mtu, na Jonah alikuwa amemwona akiwa kwenye ile barua. Akamwita mbele yetu sote.

"Umeingiza mkono kwa gunia yangu," akamwambia. "Nimenyamaza kwa heshima ya marehemu baba yako. Ukirudia, utampelekea bosi ufunguo wa nyumba wewe mwenyewe."

Jerusa akasema, "Nimesikia, mzee." Kuanzia siku hiyo hakukanyaga tena upande wa zilizosomwa. Nani angekanyaga, na mama yake mgonjwa wa presha amelala nyuma ya mlango huo huo wanaotishia kuufunga?

Kisha bosi akaenda semina. Bosi ni Kimeli, meneja wa shamba. Alirudi kutoka Naivasha na begi lenye nembo, maneno mapya, na simu mpya kubwa. Akapitia zahanati akamwomba Jonah nywila ya barua pepe. "Nataka kuona kila kitu kikiingia," akasema. "Kiongozi wa leo hangoji ripoti." Jonah akampa, kijana wa duka la simu akaiunganisha, na hatukuona tofauti yoyote. Kimeli hakuwahi kutuuliza juu ya barua hata moja. Tukasema basi anaangalia tu, wakubwa hupenda kuangalia.

Ilikuwa baada ya hapo Chepchirchir akaja na uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikuwa ameuvumilia kwa muda, kama wanawake wetu wanavyovumilia, akidhani ni kamba ya kapu inayombana. Zahanati ikampeleka hospitali Kericho, huko wakamkata kipande kidogo cha nyama, kikatumwa kwenye maabara kubwa ya mjini. Wakamwambia arudi nyumbani, majibu yatakuja kwa barua pepe ya zahanati, na yakifika asicheleweshe hata kidogo. Alifurahi kusikia yatafikia kwetu. Alituambia hivyo mwenyewe, kwamba ni afadhali yaje mahali ambapo ana mtu.

Akawa anakuja akitoka mizani, miguu bado na matope, na kukaa kwenye benchi ya mapokezi. Walisalimiana kwa Kikipsigis, na Jerusa alimwita kwa jina la mtoto wake.

"Chamge, Jerusa. Ile maneno yangu imefika?"

"Chamge, Mama Cheruto. Ngoja niangalie." Jerusa anafungua, anaangalia zile nyeusi, anashuka mpaka chini, anarudi juu. "Bado. Pengine wiki hii."

"Ni sawa. Ukisema bado, ni bado."

Na anaondoka. Wiki nyingine anarudi, na maneno ni yale yale. Majibu ya maabara ndogo ya Kericho yalikuwa yanaingia kila asubuhi, ya damu, ya mkojo, ya makohozi, na Jerusa aliyaprinti na kuyagawa bila kupoteza hata moja. Kwa hiyo hakuna aliyedhani njia imeziba. Tulisema maabara kubwa ina foleni, nyama si kama damu, inahitaji daktari wa darubini, na daktari wa darubini ni mmoja kwa watu wengi. Tulikuwa na maelezo mazuri kwa kila kitu.

Jerusa alipiga simu. Nilimsikia kupitia ukutani. Msichana wa maabara akamwambia, "Tulituma kitambo, dada. Angalieni email yenu."

"Haiko."

"Basi tutawatumia tena. Daktari anasaini jioni, akimaliza nawatumia."

Wakatuma tena. Asubuhi Jerusa akafungua, hakuna. Akamwendea Jonah, kwa adabu zote, akamuuliza kama amechukua barua yoyote ya maabara kubwa.

"Ningeichukua si ningekuwa nimekuambia?" Jonah akajibu bila kuinua macho. "Kama haiko nyeusi, iko na mwenyewe. Na mwenyewe si mimi."

Jerusa akarudi mezani, akanong'ona kwangu kupitia ukuta, "Molly, labda ni bosi amechukua."

"Muulize basi."

"Nimuulize bosi kama anasoma barua zake?"

Tukacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha. Akapiga simu tena maabara, wakatuma mara ya tatu. Wakati huo Chepchirchir alikuwa amehamishia kamba ya kapu bega la kulia, kwa sababu la kushoto halikubali tena, na karani wa mizani alikuwa amemtania kwamba uzee umemfikia upande mmoja.

Aliyetuamsha alikuwa Phelix, fundi wa kompyuta kutoka Bomet, mtoto wa watu wa Homa Bay, kijana wa suruali ya kubana na maneno mengi. Aliitwa kwa sababu sanduku lilikuwa limejaa na barua zilikuwa zinarudi kwa wenyewe. Hakuwa anajua sheria ya Jonah. Alikaa kwenye kiti cha Jerusa, akaondoa ule mpangilio wa kuonyesha nyeusi tu, akaanza kushuka kwenye zilizosomwa akitafuta kubwa za kufuta.

"Aisee," akasema, "kuna watu wa maabara wanawatafuta sana hapa. Hii ya mwisho wameandika urgent kwa herufi kubwa. Rebeccah Chepchirchir ni nani?"

Jerusa alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai cha mgeni. Alikiweka juu ya faili, kikamwagika, hakuna aliyekigusa.

"Ulizisoma?" Jonah akamuuliza.

"Sijazisoma. Wewe?"

"Mimi sijazisoma."

"Hakuna mtu amezisoma," Phelix akasema. Akaigeuza kompyuta tuione. "Ni simu. Kuna simu imeunganishwa na hii account, inavuta mail jioni na wikendi, ikiwa kwa wifi ya nyumbani. Simu poa inachungulia tu, inabeba mail bila kugusa alama. Hii inavuta mwili wote wa mail, na seva ikitoa mwili wote inaandika imesomwa. Hata kama mwenye simu amelala."

Jonah akamuuliza kwa nini sasa isomwe na simu moja na ionekane imesomwa kwa kompyuta zote.

"Si mnatumia password moja? Kwa seva nyinyi watatu ni mtu mmoja. Mmoja akisoma, wote mmesoma. Mngepewa jina kila mtu, seva nzuri ingeshika alama ya kila mtu kivyake."

Halafu Jerusa akauliza juu ya nyota. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hiyo ndiyo iliyonitisha. Phelix akabonyeza vitu, akasoma mistari ya Kiingereza cha mashine, akatikisa kichwa.

"Hii seva yenu ni ya bei ya chini. Iko hivi. Mashine yako ikifungua sanduku, seva inaitajia alama zile itazishika hata ukizima. Kuna ya kusomwa, ya kujibiwa, ya nyota, ya kufutwa, ya rasimu. Hizo ni za standard, dunia nzima, seva inafaa kuzibeba zote. Yenu inasema, mimi nitashika ya kusomwa peke yake. Ukiweka nyota inakubali, unaiona, ukifunga inaitupa."

"Mbona haikutuambia?"

"Iliambia kompyuta. Kompyuta haikuona haja ya kukuambia wewe."

"Kwa hivyo imevunja sheria," Jonah akasema, na nilisikia kwenye sauti yake mtu anayetafuta pa kushika.

"Haijavunja. Hiyo standard inairuhusu kukataa, bora iseme ukweli. Na imesema."

Sijawahi kuchukia kitu kisicho na uhai kama nilivyoichukia ile kompyuta. Mwanamke mzima ametoka mizani wiki baada ya wiki kuja kukaa hatua mbili kutoka pale, na kitu kile kinajua, kimejua muda wote, na kimeficha kwa sababu simu ya tajiri ilikuwa mezani kwake ikichaji. Nyota ingedumu, wasingetunga ile sheria. Sheria isingetungwa, Jerusa angeshuka chini kidogo tu kwa kidole na kuiona. Phelix alieleza kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na sisi tulikuwa tumeishi ndani ya jambo hilo tangu glavu.

Jerusa aliprinti majibu na kukimbia shambani. Nilifunga dirisha nikamfuata. Chepchirchir alikuwa katikati ya mistari, kapu mgongoni, na alipoona karatasi mkononi mwa Jerusa uso wake ukafunguka.

"Imefika?"

"Imefika, Mama Cheruto."

"Si nilikuambia itafika," akasema, akaendelea kuchuma mpaka mwisho wa kichaka, kwa sababu alikuwa hawezi kuacha kichaka nusu.

Hospitali ilisema maneno ambayo nitayasema mara moja. Wakati barua ya kwanza ilipotumwa, uvimbe ungekatwa na dawa zikafuata, na wanawake wengi wanapona hapo. Sasa ulikuwa umeingia kwenye mifupa na kwenye pafu. Wakampa dawa za maumivu, Johana mume wake akampeleka nyumbani kwao, upande wa Silibwet.

Shamba nalo likafanya mkutano. Kimeli alisema ni tatizo la kiufundi na hatutaki kunyoosheana vidole, kisha akanyoosha kidole. Mapokezi ya barua ni kazi ya nani? Ya Jerusa. Basi Jerusa apumzike nyumbani hadi atakapoitwa. Simu yake haikutajwa, na Jonah, aliyemsikia Phelix kwa masikio yake, aliangalia viatu vyake mwanzo hadi mwisho. Phelix aliambiwa abadilishe seva na kumpa kila mtu jina lake. Alimaliza mchana mmoja. Siku iliyofuata Jonah aliweka nyota akiwa ofisini kwake, na ikawaka kwenye meza tupu ya Jerusa, nami nikaiona.

Bombani maneno yalikuwa yameshaiva. Kwamba msichana wa watu wa ziwa amekalia majibu ya mtu wa hapa. Kwamba wanafanyaga hivyo. Watu waliokula kuku wa Elmina ndio waliosema, na Elmina akaanza kuteka maji mchana, wakati bombani hakuna mtu.

Jerusa alitaka kwenda Silibwet, nikampeleka. Tulipanda bodaboda mbili, maana yeye alibeba unga na sukari. Chepchirchir alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, karibu na mlango, ili aone ng'ombe wakipita. Alikuwa amebaki kidogo sana. Jerusa akapiga magoti, akamweleza kila kitu, alama, simu, sheria ya Jonah, bila kujitetea. Chepchirchir alisikiliza macho yakiwa nje.

"Kwa hivyo zilikuwa zimefungwa uzi," akasema mwishowe.

"Ndio, mama."

"Na uliogopa kufukuzwa."

"Niliogopa."

Aliwaangalia ng'ombe mpaka wa mwisho akapita. Kisha akasema, pole pole, bila hasira, "Kwa gunia yangu, Jerusa, ungeingiza mkono."

Niliposikia hivyo nilitamani kumjibu kwa niaba ya Jerusa. Nilitaka kusema yeye mwenyewe Chepchirchir, maisha yake yote ya kuchuma, hajawahi kugusa gunia lenye uzi, hata la mtoto wake. Lakini mtu anayekufa hajibizwi, na zaidi ya hapo, alikuwa amesema kweli. Jerusa hakulia. Alimpaka mafuta miguuni, akaosha vikombe, tukarudi.

Chepchirchir alizikwa hapo hapo nyumbani, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu. Watu wa shamba walikuja kwa lori la majani. Jerusa alikuja na Elmina, wakakaa nyuma kabisa, na kiti cha pembeni yao kilibaki wazi mpaka nilipokikalia mimi. Kimeli alipewa kipaza sauti kuzungumza kwa niaba ya kampuni. Alizungumza vizuri, ni msomi. Alisema Rebeccah alikuwa mfanyakazi wa mfano. Alisema zahanati ilisimama naye hatua kwa hatua. Alisema Mungu ampendaye humchukua, na kwamba dada yetu ameondoka baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Jerusa akasimama. Elmina akamshika sketi, akimnong'oneza kwa Kijaluo neno moja tu, nyumba, nyumba. Jerusa akaitoa ile mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Haukuwa muda mfupi," akasema. Hakuwa na kipaza sauti lakini tulimsikia wote. "Majibu yalikuja mapema. Yalikuja mara tatu. Simu ya bosi ndiyo iliyoyapokea jioni, ikaandika yamesomwa, na sisi ofisini tulikuwa na sheria kwamba iliyosomwa haiguswi. Mimi niliifuata hiyo sheria. Kila alipokuja nilimwambia bado. Mama hakufa kwa muda mfupi, alikufa akiningoja mimi."

Mchungaji akainuka nusu. Mzee mmoja akasema huyo msichana atolewe. Kimeli akacheka kidogo kwenye kipaza sauti, kile kicheko cha watu wa semina, akasema tuheshimu msiba. Lakini Johana, mume wa marehemu, aliinua mkono, wakanyamaza.

"Siku alizokuwa anakuja kwenu," akamuuliza Jerusa. "Zile alikuwa anakaa kwa benchi."

"Ndio, baba."

"Hayo majibu yalikuwa yameshafika?"

"Yalikuwa yameshafika."

"Yalikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Kwa ile kompyuta niliyokuwa naangalia."

Johana akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda mahali. "Kwa hivyo walikaa chumba kimoja," akasema, "yeye na dawa yake." Akaketi. Kimeli alikuwa bado amesimama pale mbele na kipaza sauti mkononi, na hakuna aliyemwambia aendelee.